Daya, mkunga na "dula": historia inayotuhusu West Nile



Ndugu wasomaji, siku hizi limeingia neno jipya, "dula". Ni mwanamke anayekaa na mzazi tangu uchungu unapoanza mpaka mtoto azaliwe: anamsugua mgongo, anampa maji, anamtuliza, anapeleka habari kwa mume aliye nje. Yeye hazalishi. Neno ni la Kigiriki, na Dana Raphael wa Marekani alilitumia kwa maana ya namna hii mwaka 1973. Wapo wanaodhani kazi yenyewe nayo ilianza hapo. Sisi tunasema hapana.

Mwaka 1377 Ibn Khaldun aliandika Muqaddima yake, na ndani yake akatenga fasili nzima ya ukunga. Anauhesabu kuwa fani pamoja na useremala na ushonaji, na anasema kwa kawaida ni ya wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaoruhusiwa kuona sitara ya mwenzao. Jina lenyewe kwa Kiarabu, qaabila, linatokana na kupokea: mzazi anatoa, mkunga anapokea. Kisha anaongeza jambo ambalo huenda matabibu wa zama zake hawakulipenda, kwamba maradhi ya mtoto mchanga mkunga anayajua kuliko tabibu hodari. Na baadhi ya mafakihi walikubali ushahidi wa mkunga mmoja kwamba mtoto alilia alipozaliwa, ushahidi ambao mirathi yaweza kuutegemea. Huyo si mtu mdogo.

Sasa tuje kwetu. Arua na Koboko zilikuwa ndani ya eneo la Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki, mwaka 1910 likawa la Sudan, na mwaka 1914 upande huu wetu ukakabidhiwa Uganda. Tazameni yaliyofuata.

Mwaka 1921 Mwingereza Mabel Wolff alifungua chuo cha wakunga Omdurman, na baadaye dada yake Gertrude akamsaidia. Waliwachukua madaya, wanawake watu wazima ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, wakawafundisha kwa Kiarabu cha nyumbani, kwa mifano ya vitu vya nyumbani. Dawa walizitambua kwa rangi, harufu na ladha. Akihitimu, daya anarudi kwao na sanduku lake la vifaa.

Uganda ilishika njia nyingine. Huko Mengo, Katharine Cook, mke wa Dk. Albert Cook, alianzisha mafunzo ya wakunga mwaka 1919, na mlango wake ulikuwa wa wasichana waliosoma shule za misheni. Walitoka wakunga wazuri na tunawashukuru. Lakini bibi wa Kiislamu wa Koboko, aliyejua Qur'ani yake na hakuingia shule hizo, angepitia wapi? Akabaki na kazi yake kijijini, bila sanduku.

Na kazi hiyo ikahitajika sana. Mwezi Oktoba 1980 vita vilipoingia West Nile, watu kwa maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan. Sisi tulio na miaka arobaini na kitu, wengi wetu tulizaliwa uhamishoni au njiani, mikononi mwa mabibi hao. Tusiwasahau katika dua.

Mwaka 2010 Serikali ya Uganda iliwapiga marufuku wakunga wa jadi kuzalisha. Hapa tuseme kweli, hata kama baadhi ya wazee hawatapenda: hatulipingi hilo. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au akishikwa na kifafa cha mimba, bibi hana dawa wala damu ya kumwongezea. Mwaka 2006 hesabu ya taifa ilikuwa vifo 435 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Mwaka 2022 ilikuwa 189. Kujifungulia hospitali kumechangia.

Shida ni kwamba pamoja na wembe tulimtupa na mtu. Bibi alikatazwa kuzalisha, nasi tukafahamu kwamba amekatazwa hata kuwapo. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000, wakaona mzazi mwenye mtu wa kukaa naye muda wote hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, na uchungu wake huwa mfupi kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likarudia pendekezo kwamba kila mzazi awe na mwenzake anayemchagua mwenyewe. Mabibi zetu walifanya hivyo bila jaribio.

Basi enyi akina baba, usiku mama anapopewa rufaa kutoka Koboko kwenda hospitali kubwa ya Arua, nani anapanda naye gari? Mara nyingi ni shemeji kijana aliyeamshwa usingizini, au hakuna mtu. Mwulizeni mke anamtaka nani, mapema, mwezi wa saba au wa nane. Akimtaja daya wa mtaani, nauli ya daya iwekwe pamoja na nguo za mtoto, na muuguzi wa kliniki aambiwe kwamba bibi huyu amekuja kukaa na mzazi, hatagusa kazi yake.

Toleo lijalo, In shaa Allah, tutaandika juu ya siku arobaini.