Kuku wa Batavia

Aghalabu mtu aliyefuga kuku uani kwake, akawaona wanaanguka mmoja baada ya mmoja, husema kwanza kwamba kideri kimeingia, maana kideri ndicho kijulikanacho kwa kufagia banda zima katika siku chache. Na akishaona kwamba dalili si za kideri, humgeukia jirani mwenye jicho baya, au mwizi aliyetega sumu. Kile anachowamwagia kwa mkono wake mwenyewe asubuhi na jioni hakishuku hata kidogo, kwani kuku hula kila kitu, nani aliyesikia kuku kudhurika kwa chakula? Na bado imo katika tarehe ya utabibu habari ya kuku waliokufa namna hiyo, pasipo mtu kujua kilichowaua, katika ua wa hospitali ya askari wa Kiholanzi kisiwani Java, na kufa kwao kukawafunulia wanadamu jambo ambalo matabibu wenye hadubini walikuwa wamelitafuta wasilipate.

Katika miaka ya 1880 Waholanzi walikuwa wakipigana na watu wa Aceh, kaskazini ya Sumatra, na askari wao walikuwa wakiangushwa na maradhi ya beriberi: miguu hufa ganzi, mwendo huharibika, mwili huvimba au hukonda, hata mwisho moyo ukashindwa. Mwaka 1886 serikali yao ikawatuma wataalamu wawili, Pekelharing na Winkler, kwenda kuchungua asili ya balaa hilo, na pamoja nao alikuwako tabibu kijana wa jeshi, Christiaan Eijkman, aliyepata kusoma Berlin kwa Robert Koch. Zama zile watu walikuwa bado wamelewa sifa za Koch na za Pasteur, kila ugonjwa ukidhaniwa kuwa na kijidudu chake. Basi nao wakakitafuta kijidudu cha beriberi katika damu ya wagonjwa, na wale wakubwa wawili wakarejea kwao wakiamini kwamba wamekipata. Eijkman akaachwa nyuma, mwaka 1888, kuisimamia maabara ndogo katika hospitali ya Weltevreden, kitongoji cha Batavia, mji uitwao leo Jakarta.

Akanunua kuku, kwa kuwa kuku ni rahisi, akawadunga sindano zenye kile kilichodhaniwa kuwa kijidudu, na wengine akawaacha bila ya kudungwa ili apate kulinganisha. Mwaka 1889, mnamo mwezi wa Julai, maradhi yakazuka matunduni. Kuku alianza kwa kuyumba. Akipanda kijiti cha kulalia huteleza akaanguka. Kisha miguu hupanuka, magoti hukunjika, akalala ubavu akipigapiga ili ainuke asiweze. Ulemavu hupanda kutoka miguuni hata mabawani na shingoni, upanga wa kichwani ukageuka rangi ya buluu, pumzi ikawa nzito, akafa. Alipowapasua akaona mishipa ya fahamu imeharibika kama ile ya watu wenye beriberi. Lakini furaha yake haikudumu, kwa sababu wale ambao hawakudungwa kitu waliugua sawasawa na wale waliodungwa. Akafanya lile ambalo mfugaji yeyote mwenye akili angalifanya: akadhani banda zima limeambukizwa, akawatenga kuku wapya mbali. Nao wakaugua. Na mwishoni mwa mwezi wa Novemba, alipokuwa hajapata dawa wala jibu, ugonjwa ukakoma wenyewe. Wagonjwa wakasimama wakapona, na wapya hawakuugua tena.

Mtu mwingine angalimshukuru Mungu akaendelea na kazi zake. Eijkman, na hapa ndipo ninapomwona kuwa mtu wa haki katika elimu yake, aliuliza kuku wale walikuwa wakila nini. Akaambiwa kwamba mtumishi wa maabara, ili kupunguza gharama, alikuwa akichukua wali uliopikwa katika jiko la hospitali, wali mweupe wa askari, akawalisha kuku tangu Juni. Kisha mpishi akabadilishwa, na mpishi mpya akakataa katakata, akisema mchele wa jeshi haupewi kuku wa raia. Basi mtumishi akarudia kuwapa mchele wa kawaida usiokobolewa sana. Ukali wa mpishi yule, ambao nadhani ulimkera mtumishi, ndio uliowaponya kuku.

Msomaji wa pwani asione ajabu nikisema kwamba mambo haya yangalieleweka upesi zaidi karibu na kinu. Mpunga ukitwangwa kwa mchi ukapepetwa katika ungo, mchele hubaki na utando wake mwembamba hapa na pale, na wishwa humwagwa uani, kuku wakaugombania. Mashine za mvuke zilizokuwa zikienea Asia wakati ule ziliuvua mchele utando wote, ukatoka mweupe unaong'aa, wenye kudumu ghalani na wenye heshima sahanini. Na ndio uliopewa askari kwa kuwa ulionekana kuwa bora. Eijkman akajaribu: kuku waliopewa mchele mweupe, uwe mbichi uwe umepikwa, waliugua, waliopewa mpunga au mchele wenye utando hawakuugua, na mgonjwa akipewa wishwa aliinuka.

Ilibaki kumwuliza mwanadamu. Mwaka 1896 rafiki yake Vorderman, mkaguzi wa afya, akaangalia magereza 101 ya Java, ambayo kila moja lilipika mchele wa desturi ya mahali pake. Penye mchele mweupe, aliugua mfungwa 1 katika 39. Penye mchele wenye utando, 1 katika 10,000. Umri wa majengo, upepo, msongamano, vyote vilipimwa, wala havikuonyesha uhusiano wowote.

Hata hivyo Eijkman hakufika mwisho wa njia. Alishikilia kwamba wanga wa mchele huzaa sumu tumboni na utando ni dawa ya kuizimua sumu hiyo. Afya yake ikamrudisha Uholanzi, na aliyemrithi, Gerrit Grijns, akawalisha kuku vyakula vya namna nyingi, akaona kwamba hata choroko huwalinda, na mwaka 1901 akasema kwamba hapana sumu yoyote: kimepungua kitu katika chakula, kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake. Ilipita robo ya karne kabla Jansen na Donath, katika mji uleule wa Batavia, hawajakitoa kitu hicho kutoka katika wishwa kikiwa safi, mwaka 1926. Siku hizi twakiita vitamini B1.

Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Hopkins wa Uingereza, akiwa mgonjwa asiyeweza kusafiri hadi Stockholm kuipokea. Grijns hakushirikishwa. Katika hotuba aliyoiandika Eijkman alimtaja mtumishi wa maabara, akawataja na wapishi wale wawili, kwa kazi zao tu.