Wali wa Jeshi, Kuku wa Batavia

Kilichompeleka Christiaan Eijkman Java ni sare ya jeshi. Mzaliwa huyo wa Nijkerk, Uholanzi, alisomea udaktari Amsterdam katika shule iliyoandaa madaktari wa kijeshi. Mwaka 1883, baada ya kupata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya neva, alipelekwa kulitumikia jeshi la kikoloni katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Malaria ilimwandama hadi akarudishwa kwao mwaka 1885. Alipopata nafuu alikwenda Berlin kujifunza habari za bakteria kwa Robert Koch, na huko akakutana na Pekelharing na Winkler, madaktari waliotumwa na serikali ya Uholanzi kuchunguza beriberi. Wakamchukua kwenda nao visiwani.

Beriberi ilikuwa ikilimaliza jeshi la kikoloni, hasa katika vita vya Aceh, kaskazini mwa Sumatra. Askari mwenye nguvu zake huanza kufa ganzi miguuni, kisha huvimba au hukonda, hushindwa kusimama, na moyo ukichoka ndiyo basi. Zama hizo za Koch kila daktari alikuwa akisaka kijidudu, na Eijkman naye alisaka. Wenzake waliporejea Ulaya alibaki, na Januari 1888 akakabidhiwa maabara ndogo ndani ya hospitali ya jeshi ya Batavia, Jakarta ya sasa.

Mwaka uliofuata kuku wa maabara walianza kupepesuka. Miguu iliwalegea, wakaanguka, wakafa, hata wale ambao hawakuchomwa sindano yoyote ya majaribio. Baada ya miezi kadhaa ugonjwa ukatoweka ghafla, na waliosalia wakapona. Eijkman alipofuatilia habari za chakula chao aligundua kwamba mhudumu wa maabara, kwa kubana matumizi, alikuwa akiwalisha wali uliobaki jikoni mwa hospitali, uliopikwa kwa mchele mweupe uliokobolewa sana. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa wali wa jeshi wapewe kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele wa bei nafuu ambao bado una ngozi yake ya ndani, nao wakasimama.

Jina la mpishi huyo halimo katika simulizi ya Eijkman, ingawa katazo lake ndilo lililofungua njia.

Jeshi lilimpa Eijkman kitu ambacho chuo kikuu kisingempa kwa urahisi: watu wengi wanaokula chungu kimoja, siku nenda siku rudi, chini ya daktari anayehesabu wagonjwa. Kijijini kila nyumba ina mboga yake, na mpunga uliotwangwa kwa kinu na mchi hubakiwa na sehemu ya pumba. Kambini chakula hupangwa na ofisi, na viwanda vya mvuke vya wakati huo vilileta mchele uliong'arishwa. Daktari wa jeshi la majini la Japani, Takaki Kanehiro, alikuwa ameshaliona jambo hilo kwa njia yake. Mwaka 1883 meli ya Ryujo ilirejea na wagonjwa 169 wa beriberi kati ya mabaharia 376, na 25 walikuwa wamekufa. Mwaka uliofuata alibadilisha mlo katika meli ya Tsukuba, iliyopita njia ileile, na hakuna aliyekufa kwa beriberi.

Java nako chungu kingine cha aina hiyo kilikuwa magerezani. Mkaguzi wa afya Adolphe Vorderman, rafiki wa Eijkman, alichunguza magereza 101. Kati ya 37 yaliyopika mchele wenye ngozi, ni gereza moja tu lililokuwa na beriberi. Kati ya 51 ya mchele mweupe, 36 yalikuwa nayo. Ni takwimu nzito, na inauma kukumbuka kwamba zilitokana na miili ya wafungwa ambao hawakuchagua mlo wao.

Utafiti wa Eijkman haukuishia kwenye wali. Alipima damu, upumuaji na joto la mwili la Wazungu wa Batavia, akaonyesha kwamba hofu ya nchi za joto kuwadhoofisha damu haikuwa na msingi. Mwaka 1896 afya ilimrudisha tena Uholanzi, na mwaka 1898 akawa profesa wa afya ya jamii Utrecht.

Hata hivyo, kuhusu beriberi, aliamini kwamba wanga wa mchele una sumu, na ngozi ya punje ndiyo dawa yake. Aliyesema sawasawa, mwaka 1901, ni Gerrit Grijns, daktari wa jeshi aliyeachiwa kazi Batavia: hakuna sumu, ila mlo umekosa kitu ambacho mwili unakihitaji. Kitu hicho, vitamini B1, kilitolewa katika pumba za mchele mwaka 1926 na Jansen na Donath, palepale Batavia.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929 ilikwenda kwa Eijkman na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins. Eijkman alikuwa mgonjwa mno kusafiri, akafariki mwaka uliofuata. Grijns, ambaye kwa haki alistahili kusimama nao, wakati huo alikuwa akifundisha fiziolojia ya wanyama Wageningen.