Place des Vosges: Matajiri Walipohama, Waandishi Wakahamia

Katika mtaa wa Marais jijini Paris upo uwanja wa mraba, kila upande una mita 140 hivi, uliozungukwa na nyumba 36 za matofali mekundu na mawe meupe. Chini ya nyumba hizo kuna baraza ndefu yenye matao, mahali pa kutembea bila kulowa hata mvua ikinyesha. Aliyeagiza ujengwe ni Mfalme Henri IV, mwaka 1605. Waliopewa viwanja walipewa kwa sharti kwamba nyumba zote zifanane kwa mbele. Ukizisogelea kuta utaona kuwa baadhi ya matofali hayo si matofali hata kidogo, bali ni lipu iliyopakwa rangi nyekundu na kuchorwa mistari. Sharti lilitimizwa, na fedha zikaokolewa.

Henri aliuawa mwaka 1610, kazi ikiwa bado haijakamilika. Uwanja ulizinduliwa mwaka 1612 kwa sherehe za uchumba wa mwanawe, Louis XIII, na Anne wa Austria, ukaitwa Place Royale, yaani Uwanja wa Kifalme. Kuishi hapo kukawa alama ya ukuu. Mwaka 1626 alizaliwa hapo Madame de Sévigné, katika nyumba ya babu yake aliyekuwa tajiri. Barua zake zinasomwa na Wafaransa mpaka leo.

Kisha mambo yakageuka. Louis XIV alihamishia serikali yake Versailles mwaka 1682, na makabaila nao wakaanza kujenga upande wa magharibi wa jiji. Mapinduzi ya 1789 yakamalizia kazi: sanamu ya Louis XIII iliyosimama katikati ikayeyushwa. Mwaka 1800 uwanja ukapewa jina la Vosges, kwa heshima ya jimbo lililotangulia kulipa kodi. Majumba yaliyokuwa ya familia moja moja yakagawanywa, yakapangishwa.

Wahenga walisema kufa kufaana. Mwaka 1832 Victor Hugo, kijana wa miaka 30, alipanga ghorofa ya pili ya nyumba namba 6 pamoja na mkewe na watoto wao wanne. Mshairi Théophile Gautier alikuwa jirani yake, nyumba namba 8. Hugo alikaa hapo miaka 16. Hapo ndipo alipoandika tamthilia ya Ruy Blas, na mwaka 1845 akaanza riwaya ambayo baadaye ingeitwa Les Misérables. Juni 1848 maskini wa Paris walipoasi, waasi waliingia katika nyumba yake wakapita vyumba vyote, miswada ikiwa mezani, wasiharibu kitu. Riwaya ya watu wanyonge ilipita salama mikononi mwa wanyonge wenyewe.

Karne ya 20 iliukuta mtaa wa Marais umechakaa. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi, nyua zimejaa karakana, vyumba vimejaa mafundi na wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki. Mwaka 1924 Georges Simenon, mwandishi kijana Mbelgiji asiye na jina bado, alihamia namba 21. Baadaye alimtuma mpelelezi wa riwaya zake, Maigret, kuchunguza mauaji katika uwanja huohuo.

Aliyeokoa mtaa huo usibomolewe alikuwa mwandishi pia. André Malraux, mwanariwaya aliyekuwa waziri wa utamaduni, alisimamia sheria ya mwaka 1962 ya kuhifadhi mitaa ya kale. Kuta zilisafishwa, paa zikatengenezwa, karakana zikaondolewa uani. Pamoja na usafi huo ikaja bei. Mafundi wengi walishindwa na kodi ya nyumba wakahama, nafasi yao ikachukuliwa na maduka ya sanaa, hoteli na watu wenye uwezo.

Makao ya Hugo ni makumbusho tangu 1903. Tunayo haki ya kufurahi kwamba yamehifadhiwa. Lakini historia ya uwanja huu inatufundisha jambo ambalo kila mji wenye mtaa mkongwe unapaswa kulizingatia: fasihi iliota mizizi pale kwa sababu chumba kilipatikana kwa mtu wa kipato cha kawaida. Mji unaohifadhi kuta bila kujali kodi ya nyumba utabaki na makumbusho ya waandishi wa jana, na waandishi wa kesho wataandikia kwingine.