Kalenga, Kijiji Kilichokuwa Makao ya Mtwa

Msafiri atokaye mjini Iringa kwa njia iendayo Hifadhi ya Ruaha hufika Kalenga kabla hajachoka, na asipoambiwa mapema huenda akapita asitambue lolote, kwani hataona ila nyumba za matofali, mashamba ya mahindi kandokando ya Ruaha Mdogo na, ikiwa ni masika, madumu ya ulanzi uliogemwa alfajiri kutoka katika machipukizi ya mianzi, mtamu ukiwa mpya na mkali ukilala. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya dola ya Wahehe.

Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Uhehe, alifariki mwaka 1879, na baada ya fitina za urithi mwanawe Mkwawa akatwaa utawala akawa Mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, akaizungushia Kalenga ngome ya mawe iitwayo Lipuli. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wake waliuvamia huko Lugalo msafara wa Wadachi ulioongozwa na Emil von Zelewski, wakamwua yeye na wengi wa jeshi lake. Msiba huo uliwaelemea Wadachi hata ikawachukua miaka mitatu kurudi kulipiza kisasi. Waliporudi walileta mizinga, na ukuta uliojengwa kuzuia mikuki na bunduki haukuwa na hila mbele ya mizinga: tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka, naye Mtwa akaponyoka, akaendelea na vita vya msituni mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi huko Mlambalasi ili asitiwe mikononi mwa adui akiwa hai.

Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ajabu ya mambo ni kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ulioandikwa kwa ajili ya kugawa mataifa na kulipa gharama za vita, ulikitaja katika kifungu cha 246 na kuagiza kirejeshwe. Agizo hilo lilikaa bila kutimizwa hata mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolileta fuvu lililochaguliwa miongoni mwa mengi yaliyokuwa Bremen kwa sababu vipimo vyake vililingana na vya jamaa za Mkwawa. Huenda mtu akaona kwamba ushahidi huo haukutosha, lakini Wahehe walilipokea kwa taadhima, na mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, baadaye akawa Spika wa Bunge letu.

Fuvu hilo limo katika makumbusho ya Kalenga, na wageni wengi hulitazama, hupiga picha, kisha huondoka. Kwa maoni yangu wanakosa nusu ya habari, kwa kuwa fuvu ni hadithi ya kushindwa, ilhali Lipuli ni kazi ya mikono ya raia waliokuwa na dola yao wenyewe. Basi wewe utakayekwenda, ukishatoka makumbushoni mwombe mwenyeji akuonyeshe masalia machache ya ukuta ule, wala usiwe na haraka ya kurejea mjini.