Free Area na historia ndefu ya jirani kumlinda jirani

Ukitoka katikati ya jiji la Nakuru ukishika barabara kuu ya Nairobi, unapita Free Area kabla ya kufika Lanet. Ni mtaa wa wapangaji na wenye ploti, wa maduka na makanisa, wa watu wa makabila mengi wanaochota maji pamoja na kugawana ua mmoja. Kama mitaa yote ya pembezoni, swali lake kubwa huja giza likiingia: nani anamlinda nani? Wengi hudhani jibu lilianza na Nyumba Kumi, mpango wa serikali wa ulinzi wa jamii, mwaka 2013. Limeanza kitambo zaidi ya hapo.

Upande huohuo wa jiji, kando ya barabara hiyohiyo, kuna kilima cha Hyrax Hill. Mwaka 1937 mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba hapo, na baadaye serikali ikakitangaza kuwa turathi ya taifa. Miongoni mwa yaliyopatikana ni mashimo ya duara ambayo wataalamu huyaita ya Wasirikwa, wafugaji walioishi Bonde la Ufa kabla ya Wamaasai. Shimo lilikuwa zizi la ng'ombe. Nyumba ilijengwa ubavuni mwake, na njia ya kuiingia ilipita ndani ya zizi. Aliyetaka kuiba mifugo alilazimika kupitia mlango mmoja mwembamba, chini ya macho ya wenyewe. Mazizi hayo yalikuwa moja karibu na jingine. Kwa hiyo karne kadhaa zilizopita, watu wa hapa walikwisha kuelewa kwamba usalama huanzia kwenye mpangilio wa makazi na ukaribu wa majirani.

Ukoloni ulileta mpango tofauti. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mkataba na Waingereza ukawaondoa Wamaasai katika nyanda hizi ili kuwapisha walowezi. Sheria ya mwaka 1902 ilikuwa tayari imeweka wazee wa vijiji walioteuliwa na serikali, na hao ndio chimbuko la machifu wa leo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake. Mfanyakazi aliyeishi mtaa wa Bondeni mjini Nakuru au kwenye shamba la Mzungu alisimamishwa, akaulizwa karatasi na kuhesabiwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa. Hayo yote yaliitwa usalama, lakini ulikuwa usalama wa mwenye shamba. Mwananchi wa kawaida ndiye aliyekuwa akichungwa.

Deni la historia hiyo bado tunalilipa. Hata leo mkazi akimwona afisa wa usalama mlangoni, wazo la kwanza mara nyingi huwa ni "nimekosa nini?"

Baada ya Uhuru, mashamba mengi yaliyouzunguka mji yalinunuliwa na makampuni ya wananchi waliochanga hisa. Ngwataniro, iliyohusishwa na mwanasiasa Kihika Kimani, ndiyo iliyovuma zaidi. Mashamba yakakatwa vipande, vipande vikawa ploti, na ploti zikaota nyumba za kupangisha. Makazi yalitangulia, huduma zikafuata zikichechemea. Taa za barabarani, mitaro na vituo vya polisi havikuenda kwa kasi ya watu. Wakazi wa mitaa kama hii wakajitafutia njia. Wapangaji walichanga pesa za kumlipa soja wa usiku. Vijana walishika zamu kwa filimbi na kurunzi. Akina mama wa chama kimoja walijua nani amelala njaa na nani amepigwa na mumewe. Hazina hiyo haikuandikwa katika bajeti yoyote, lakini ndiyo iliyoubeba mtaa.

Ulinzi wa aina hiyo una hatari zake pia. Kamsa ikipigwa, umati hukimbilia mawe kabla ya ushahidi. Huko Kisii, sungusungu walioanza kwa kufukuza wezi waliishia kulaumiwa kwa kuua watu bila hukumu. Mlinzi asiyewajibika kwa yeyote hugeuka tishio kwa wale aliopaswa kuwalinda.

Jaribio kali zaidi la ujirani lilikuja Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipolipuka Nakuru mwishoni mwa mwezi huo, serikali ilitangaza kafyu ya usiku na kuleta wanajeshi. Familia zilikimbilia Uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Watu walioishi mlango kwa mlango kwa miaka mingi waliogopana. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba filimbi na kurunzi havitoshi pale imani kati ya majirani inapovunjika. Wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin walikaa mezani kwa zaidi ya mwaka mmoja, na Agosti 2012 wakatia saini mkataba wa amani wa Kaunti ya Nakuru. Uchaguzi wa mwaka uliofuata haukurudisha ghasia za 2008.

Wakati huohuo sheria ilibadilika. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliweka ulinzi wa jamii katika maandishi, na kuagiza ziundwe kamati zinazowakutanisha polisi na wananchi. Kisha Septemba 2013 magaidi wakavamia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Serikali ikaharakisha Nyumba Kumi chini ya uongozi wa Joseph Kaguthi, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa. Wazo lilitoka Tanzania, ambako chama cha TANU kiliwaweka mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Kenya haikushikilia hesabu ya kumi. Kundi laweza kuwa ploti moja, ghorofa moja au safu ya maduka, mradi wanaokaa hapo wafahamiane na wamchague mwenyekiti wao.

Mpango huo umefaulu mahali na kukwama mahali. Mwenyekiti hufanya kazi bila mshahara. Mpangaji huhama kabla jirani hajalijua jina lake. Anayetoa habari huhofia kwamba itamfikia mhalifu kabla ya kuchunguzwa. Juni 2022, wanawake kadhaa waliuawa katika eneo la Mawanga na mitaa jirani hapa Nakuru, na jina la genge la Confirm likawa kwenye kila kinywa. Viongozi wakuu wa usalama walifika na doria zikaongezwa. Lakini wakazi walibaki na somo chungu: mwanamke anayeishi peke yake, asiyejulikana na yeyote, ndiye aliyekuwa hatarini zaidi.

Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Hadhi hiyo inastahili kuonekana Free Area kwa taa zinazowaka, kituo cha polisi chenye gari lenye mafuta, na viwanja ambako vijana watapata la kufanya. Hayo ni madai halali kwa kaunti na kwa serikali kuu, nayo yadaiwe barazani, si kunung'unikwa vibandani.

Sehemu ya mkazi ni hii. Mjue jirani wa kushoto na wa kulia. Hudhuria baraza la chifu, na umchague mwenyekiti wa Nyumba Kumi unayemwamini, si yule anayemzidi kila mtu sauti. Mhalifu akikamatwa, apelekwe kituoni akiwa hai. Weka nambari hizi za bure mahali ambapo watoto watazipata: 999 au 112 kwa polisi, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa mtoto aliye hatarini. Mtaa hulindwa kwanza na watu wake, na serikali ina wajibu wa kuwaunga mkono.