Binti Akianguka Hesabu

Mama wa London anayemwandaa binti yake wa miaka kumi kwa mtihani wa kuingia shule binafsi hukosa usingizi. Akianguka hesabu, ndiyo basi tena? Historia ya elimu ya wasichana huko Uingereza ina jibu.

Desemba 1863, Chuo Kikuu cha Cambridge kiliwaruhusu wasichana, kwa majaribio, kufanya mitihani yake ya shule, ambayo hadi hapo ilikuwa ya wavulana tu. Emily Davies na wenzake walipewa wiki chache tu za kujiandaa. Walijitokeza wasichana zaidi ya 80. Wengi wakaanguka hesabu, wakiwemo wa North London Collegiate, shule aliyoianzisha Frances Buss mwaka 1850.

Bi Buss hakuwalaumu wanafunzi wake. Aliangalia walichofundishwa, akabadili ufundishaji wa hesabu. Mwaka 1865 Cambridge ikawafungulia wasichana mitihani hiyo rasmi. Leo shule yake yenyewe huchagua wasichana wa miaka 11 kwa mtihani.

Basi mama, karatasi ikirudi na alama za chini, usimwambie mwanao hana akili. Kaa naye, tafuta alipokwama: ni kugawanya, au ni sehemu? Anza hapo, kidogo kidogo kila siku, kisha mpime tena.

Nawe bi harusi, liweke neno hili. Litakufaa siku ya siku, inshallah.