Mapishi ya Kihindi ya Nyumbani na Jinsi Yalivyofundishwa



Mtu akitajiwa chakula cha Kihindi, fikira zake hukimbilia hotelini: kuku mwekundu aliyechomwa tanurini, mchuzi mzito wa malai, na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Chakula hicho kipo, wala si kibaya. Kuku wa tanuri alipata umaarufu mjini Delhi baada ya India kugawanywa mwaka 1947, pale watu waliokimbia kutoka Peshawar walipofungua hoteli ya Moti Mahal. Lakini nyumba nyingi za India hazina tanuri la namna hiyo. Siku ya kawaida hupikwa dengu, wali au chapati, mboga moja au mbili, na pembeni huwekwa maziwa ya mgando na achari kidogo. Hicho ndicho ninachotaka kukisimulia, na zaidi jinsi kilivyorithishwa kizazi baada ya kizazi bila ubao wala daftari.

Tusidhani kuwa India ni jiko moja. Mpunjabi hula ngano na samli. Mbengali hutaka wali, samaki na mafuta ya haradali. Mgujarati hutia sukari guru kidogo katika dengu zake, na Mpunjabi akionja hushangaa. Mtu wa Kerala hupika kwa nazi, na mtu wa pwani yetu akiketi mbele ya chakula chake hajihisi mgeni.

Wala asitokee mtu wa kutuambia kwamba chakula halisi ni kile kisichobadilika kamwe. Pilipili kali, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo roho ya chakula cha Kihindi, asili yake ni Amerika. Ililetwa na Wareno baada ya Vasco da Gama kufika Calicut mwaka 1498. Kabla ya hapo ukali ulitoka katika pilipili manga na tangawizi. Viazi na nyanya navyo ni wageni kutoka huko huko. Sambusa ziliingia India kutoka upande wa Uajemi na Asia ya Kati. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, alizikuta baadaye katika karamu za Sultani wa Delhi, zimejazwa nyama ya kusaga, lozi, vitunguu na viungo.

Sasa tuingie jikoni. Wahindi wana neno lao, andaz, maana yake ni makadirio. Binti akimwuliza mamaye atie chumvi kiasi gani, jibu lilikuwa ndilo hilo: andaz. Hakupewa kijiko wala mizani. Alisimama kando, akapewa kazi ndogo ndogo za kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu na kusukuma chapati ambazo mwanzoni zilitoka na pembe kama ramani. Katika nyumba nyingi za Kibrahmini mambo yalikuwa magumu zaidi, maana chakula hupelekwa kwanza mbele ya mungu wa nyumbani, na mpishi haruhusiwi kukionja kabla. Ilimbidi mwanafunzi wa jiko hilo ajue chumvi kwa jicho na kuiva kwa pua.

Hata masikio yalikuwa na kazi. Chukua dengu zilizokobolewa, zichemshe na manjano mpaka ziwe laini kama uji. Kando, pasha samli au mafuta katika kikaango kidogo. Tia mbegu za haradali na usikilize: zitaanza kupasuka na kuruka. Hapo ndipo unatia jira, na sekunde chache baadaye pilipili kavu na kitunguu saumu. Ukichelewa jira inaungua na kuwa chungu. Ukiwahi haitoi harufu. Kisha mimina vyote juu ya dengu, nazo zitalia chwaa! Wagujarati huita jambo hili vaghar, na watu wa Kaskazini huliita tarka. Dengu ni zile zile za jana, lakini jana zilikaangiwa jira, leo haradali na majani ya mchuzi, na mlaji haoni kwamba amerudiwa chakula.

Basi utaona kwa nini ule unga wa viungo wa kopo, wenye manjano na bizari zote pamoja, si njia ya nyumbani. Katika jiko la Kihindi kila kiungo kina saa yake ya kuingia chunguni, na kopo haliwezi kuzitenganisha saa hizo. Unga huo ulienezwa na biashara ya Waingereza, ambao walikuwa na hamu ya "kari" tangu zamani: Hannah Glasse alichapisha maelezo ya kuipika mjini London mwaka 1747. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua mkahawa wa Kihindi mjini humo. Mwaka 1812 alikwisha filisika.

Waliofanikiwa baadaye walikuwa wanaume, na hili liwaguse vijana wanaosema jiko si mahali pao. Mabaharia wa Sylhet, ambayo sasa iko Bangladesh, walishuka melini Uingereza na kuanzisha mikahawa. Katika mikahawa ya namna hiyo ukaenea mtindo wa sufuria moja kubwa la mchuzi wa vitunguu, ambao kutoka kwake huzaliwa vyakula kumi vyenye majina kumi. Ulikuwa ujanja mzuri wa biashara. Lakini Waingereza wakaamini ndivyo Wahindi wanavyokula kwao.

Kilichowalazimisha watu kuandika ni safari. Maadamu binti aliolewa mtaa wa pili, hapakuwa na haja ya kitabu. Alipoanza kwenda mbali, barua zikaanza. Mjini Madras, S. Meenakshi Ammal alichapisha mwaka 1951 kitabu kwa Kitamil kiitwacho Samaithu Paar, yaani "pika uone", na kikawa zawadi ya maharusi na mzigo wa wasafiri. Madhur Jaffrey, aliyezaliwa Delhi mwaka 1933, alikwenda London kusomea uigizaji hali hajui kupika. Chakula alichokikuta kilimshinda, akamwandikia mamaye, naye akamrudishia mapishi kwa barua za ndege, mistari michache tu, kwa andaz ile ile. Binti akapima, akaharibu, akapima tena. Mwaka 1973 alitoa kitabu chake cha kwanza Marekani, na mwaka 1982 BBC ikamweka mbele ya kamera kuwafundisha Waingereza. Vijiko na dakika vilivyomo katika mafunzo yake ni andaz ya mama iliyohesabiwa na mtoto aliye mbali.

Nasi huku tulifundishwa bila barua. Angalieni maneno yetu: chapati, bajia, achari, masala, dania, kotimiri. Chakula kilikuja na jina lake mkononi. Wapishi wa Kiafrika waliofanya kazi katika nyumba za Wahindi walijifunza kwa kutazama, kama walivyojifunza mabinti wa nyumba zile, ijapokuwa mshahara wao ulikuwa mdogo na si kila mmoja alikaribishwa kula alichopika. Nasi tuligeuza tulichopewa. Chapati yetu ya kukunjwa na kupakwa mafuta, ile inayoliwa siku ya sikukuu, kule India ingeitwa parata; chapati yao ya kila siku ni kavu, hufura juu ya moto kama puto.

Njia hiyo ilikuwa na pande mbili. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda kwa muda wa siku 90, maelfu walikwenda Uingereza, na wengi wakafanya makao Leicester. Walibeba vikopo vyao vya viungo, na walibeba pia vya kwetu. Hata leo, katika mikahawa ya Wagujarati huko Leicester na Wembley, mtu huletewa sahani ya muhogo wa kukaanga uliopakwa pilipili na ndimu. Katika orodha ya vyakula huandikwa "mogo", na vijana waliozaliwa huko huuagiza wakiujua kuwa chakula cha bibi zao.